Jani la Sale Nililolichekea

Mdogo wangu Eliya,

Nimeiona sura yangu ndani ya simu ya mwanamke nisiyemjua, katikati ya shamba la viungo kisiwani Unguja, na tangu siku ile mimi si mzima. Nikishika sufuria inaanguka. Nikianza kusali nasahau nilikuwa naomba nini. Nakuandikia hadharani namna hii kwa sababu namba yako haipatikani tena na hakuna anayejua uko kisiwa gani. Atakayesoma akakutambua, akufikishie. Aibu yangu isomwe na kila mtu, potelea mbali, mradi ikufikie wewe.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianza na ile picha nitashindwa kuendelea.

Unawajua kina mama wa usharika wetu hapa Old Moshi. Kila mwaka safari yetu ni ileile, Tarakea sokoni, tunarudi na mabeseni na vitenge, tumechoka, tumegombana, tumepatana njiani. Mwaka huu Mama Aikande, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, alisimama kwenye kikao akasema amechoka kuona wageni wanapita uwanjani kwake kila siku wakitoka mlimani kwenda kuogelea visiwani, na yeye hajawahi hata kuionja hiyo chumvi. "Watu watoke Ulaya waione Zanzibar, mimi nikae hapa nife na migomba? Hapana, jamani!" Na unamjua yeye akishasema hapana. Tukaenda.

Eliya, tuliaibika na tukafurahi. Siku ya kwanza tulipelekwa kwa boti ya injini kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, mahali ambapo maji yakijaa hapaonekani kabisa. Mimi nilishangaa mpaka nikakaa chini. Ardhi inayokuja na kuondoka! Sisi mlima wetu ukifunikwa na wingu wiki nzima bado unajua upo palepale. Mama Aikande alizunguka lile fungu lote kwa miguu, kitenge amekishika mkononi, akarudi akauliza, "Sasa hawa mpaka wa shamba wanauweka wapi?" Nahodha alicheka mpaka akashika usukani.

Kisha wakatuvalisha vile vikoti vya kuelea vya rangi ya chungwa juu ya vitenge vyetu, wakatupa miwani ya majini na mrija wa kupumulia. Nilisema sitaingia. Nikaingia. Nikatia uso majini, na Mungu wangu! Samaki wako kwao, wanatembea, wa njano, wa bluu, wenye mistari, hawana habari na mimi kabisa. Nilipiga kelele ndani ya mrija nikanywa maji ya bahari kikombe kizima. Na jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa wewe. Nilijiuliza Eliya wangu angeona haya angesema nini, yeye aliyeogopa maji kuliko fisi.

Maana unakumbuka kule kwenye maporomoko. Watoto wote wa kijiji wanajirusha kwenye lile dimbwi, wewe umesimama juu ya jiwe umeshika nguo zetu, unajifanya mlinzi. "Mtu lazima abaki na nguo," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Hata ulipokuwa kijana mkubwa, kiongozi wa wageni anayefika kileleni na kushuka kama mtu anayetoka dukani, pale kwenye maporomoko uliwapeleka wageni, ukawaacha waoge, wewe ukakaa kwenye jiwe lako.

Basi siku ile ya bahari nikakutaja kwa sauti. Miaka saba sikulitaja jina lako mbele za watu, na Mama Aikande akanitazama kwa jicho la pembeni. Mchana tukaenda kuwaona wale kobe wakubwa, mmoja amekaa kama meza ya sebuleni. Tulipoambiwa umri wake Mama Aikande akampa shikamoo. Tulicheka sana. Nakuambia haya yote ili ujue nilikuwa na furaha kiasi gani. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Kesho yake ndiyo ilikuwa zamu ya shamba la viungo. Mwenye shamba alituongoza mwenyewe, mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti tamu, anaitwa Bi Zuhura. Anakuna gome, anakunusisha, anauliza, "Hii nini, wageni wangu?" Tunasema mdalasini. Anapasua tunda, anauliza, tunakosea, anatucheka kwa adabu. Mimi nilikuwa nyuma nafunga kamba ya kiatu. Nikasikia Mama Aikande anapiga kelele mbele, "Anaeli! Anaeli, njoo uone! Sale!"

Nikakimbia. Kweli, kando ya nyumba ya Bi Zuhura palikuwa na safu ya masale, yamenyooka, yamepaliliwa, yamepandwa kwa mstari kama tunavyopanda kwetu kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Kina mama wote waliyazunguka kama watu waliokutana na ndugu yao ugenini. Wengine waliyashika majani. Bi Zuhura akasema, "Haya si ya kwetu huku. Haya kayapanda mwanangu mmoja wa kutoka huko mlimani kwenu. Eliya."

Nadhani nilimshika Mama Aikande mkono kwa nguvu, maana aliguna. Bi Zuhura akanitazama. Akanitazama tena, akaja karibu, akaninyanyua kidevu kama mtoto mdogo.

"Basi wewe ndiye yule dada," akasema. "Wewe ndiye dada anayecheka."

Hapo inabidi nisimame, Eliya. Wanaosoma barua hii hawatujui, na mimi nina deni la ukweli kwao na kwako. Lazima niseme nilichokufanyia.

Mama alipofariki ulikuwa mlimani na wageni. Tulimpigia mwenzako mmoja, akatuambia ujumbe umekufikia kambini, na kwamba unaendelea na safari. Unaendelea! Nilisikia neno hilo nikawa kama nimemwagiwa maji ya moto. Tulizika. Ulishuka siku mbili baadaye ukaja moja kwa moja, buti zina matope, mkoba mgongoni, watu wa msiba bado wamekaa uwanjani. Ulifungua mdomo useme. Mimi nikainua mkono, nikakuambia mbele ya ukoo mzima, "Mama yako ni ule mlima. Rudi ukalale huko. Uwanja huu usiukanyage tena."

Na hukuukanyaga. Ulipanga chumba Majengo, nyuma ya karakana ya fundi seremala. Nilikuwa nikipita pale nikipeleka ndizi mjini. Siku moja ulikuwa umekaa barazani na yule fundi, ukaniona, ukasimama. Ukasema, "Shikamoo, dada." Eliya, nilikusikia. Nataka ujue kwamba nilikusikia vizuri kabisa. Nikageuza uso nikapita. Fundi seremala aliinamisha kichwa kwa aibu yangu. Baada ya hapo nikasikia umeondoka Moshi, na sikuuliza umekwenda wapi.

Lakini wageni wako waliendelea kuja. Wanapanda ile njia ya maporomoko wanafika uwanjani wanauliza kahawa, wewe hupo. Mwanzoni niliwafukuza. Baadaye nikachukua lile daftari lako la maneno ya Kiingereza nikajifunza kidogokidogo. Nikawa nawatwangia kahawa kwenye kinu, naikaanga chunguni, wanaimba, wanakunywa, wanaonja na mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi, wanakunja uso, nawapeleka kwenye maporomoko. Nilishangaa kuona naiweza kazi yako. Nilishangaa zaidi kuona naipenda.

Halafu nikaongeza jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya. Unakumbuka niliwahi kukuuliza kwa nini huwaonyeshi wageni masale ya mpakani, wakati wanauliza kila kitu, hata kinyesi cha ng'ombe wanauliza? Ulinijibu, "Dada, vingine si vya kuonyesha." Nikakuona unajidai. Ulipoondoka nikabuni mchezo. Nawapanga wageni mbele ya uzio, nawaeleza kwamba kwetu ukimkosea mtu unafunga fundo kwenye jani la sale unampelekea, au unamtuma mtu ampelekee, na huyo mtu hawezi kukataa, hata kama ulimchomea nyumba. Wanasema aaah. Kila mmoja anachuma jani, anafunga fundo, anampa mume wake au rafiki yake, na yule anajibu kwa Kiswahili, "Nimekusamehe!" Wanacheka, wanakumbatiana. Mwisho wanapanga mstari wanipe mimi, tunapiga picha, na mimi nacheka meno yote nje nasema, "Nimekusamehe! Nimekusamehe! Na wewe nimekusamehe!" Jioni nakusanya yale majani namtupia ng'ombe alalie.

Najua umeshaelewa. Uliyaelewa haya kabla yangu. Lakini wacha niendelee.

Mama alitufundisha mafundo mawili. Ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na tano, ulichukua viatu vyangu vipya vya Krismasi ukavifanya boti kwenye mfereji wa babu, maji yakaondoka na kimoja. Nililia siku nzima. Mama akakukamata sikio, akakupeleka mpakani, akakuchumisha jani, akakuonyesha: fundo la kwanza la kosa, fundo la pili juu yake la kusema halitarudi tena. Vidole vyako vilikuwa vidogo, ulifunga ukafungua mara nne. Ukaniletea huku makamasi yanakutoka. Mimi nikakunja mikono nikasema silitaki. Mama akaniambia, "Sale halikataliwi, Anaeli. Ukilikataa la mwenzako leo, kesho la kwako utampa nani?" Nikalipokea. Nikaenda kanisani na viatu vya zamani, na wewe ukanishika mkono njia nzima, huniachii, kama unaogopa nitabadili mawazo.

Wageni siwafundishi mafundo mawili. La pili linawashinda, linachelewesha safari. Nawafundisha moja.

Sasa rudi na mimi kwa Bi Zuhura. Alitukalisha kwenye jamvi, akatuletea chai ya viungo. Nilipopokea kikombe, chai ikamwagikia kitenge. Akaniambia ulifika kwake umekonda na hujui hata kukanyaga maji ya magotini, na kwamba ulijifunza kuogelea kwa hasira, kila asubuhi, ukipiga maji kama unampiga mtu. Ati baada ya mwaka mmoja ukawa unawapeleka wageni majini kuona samaki! Wewe! Ati hata wale waoga uliwashika mkono wewe mwenyewe, ukawaambia, "Mimi natoka mlimani, kama mimi nimeweza na wewe utaweza." Mama Aikande alisema "Mae!" akaziba mdomo. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Asubuhi uko baharini, mchana uko shambani kwa Bi Zuhura na wageni. Miaka minne.

"Akiniambia habari zako kila siku," akasema Bi Zuhura. "Dada yangu hivi, dada yangu vile. Nikamuuliza, huyo dada mbona humpigii simu? Akaniambia, kwetu kosa kubwa haliombewi kwa simu."

Akaniambia ulikuja na miche miwili ya sale ndani ya gazeti, umeing'oa kwetu. Nilijiuliza umeing'oa lini. Kumbe ulipita mpakani bila kukanyaga uwanja. Uliipanda, ukangoja ikue. Wageni wengi hupanda mlima kwanza ndipo washuke kupumzika pwani, lakini wapo wachache wanaoanza na bahari. Hao ndio uliokuwa ukiwangoja. Ulimpata mama mmoja mtu mzima mwenye nywele nyeupe, uliyeona ana adabu, ukamweleza kila kitu, ukamchorea njia ya kufika nyumbani, ukamfungia jani kwenye kipande cha kanga. Ulimfanya mjumbe wako.

Na mjumbe alifika, Eliya. Alifika! Namkumbuka. Alikuja siku niliyokuwa na kundi kubwa. Akasikia nikieleza habari za sale, akaona watu wanapanga mstari kunipa majani, naye kwa adabu yake akadhani ndio wakati wenyewe. Akapanga mstari. Zamu yake ilipofika akatoa kile kitambaa mkobani, jani limeshaanza kunyauka, akasema maneno mengi huku machozi yanamlengalenga. Kiingereza chake kilikwenda kasi, nikaambulia neno hapa na pale. Nikajisemea moyoni, wageni bwana, hulia hata wakimwona kinyonga. Nikashangaa tu kwa nini achume jani lililonyauka wakati uzio mzima ni mbichi. Nikalipokea, nikacheka, nikasema, "Nimekusamehe!" Akanikumbatia muda mrefu. Mwenzake akapiga picha.

Simu yako ilikuwa imeingia maji ya bahari, basi picha ilitumwa kwenye simu ya Bi Zuhura. Ndiyo hiyo aliyoitoa akaniwekea mapajani.

Nilijiona. Nimesimama mbele ya migomba yetu, kilemba kimekaa upande, mdomo wazi, meno yote nje, jani mkononi. Bi Zuhura akaikuza picha kwa vidole viwili, sijui kwa nini aliikuza, labda alitaka nione vizuri uso. Mimi nikaona jani. Lina mafundo mawili. Moja juu ya jingine, lile la pili limevutwa kushoto, kama ulivyokuwa ukilivuta na vidole vyako vya miaka saba.

Eliya, nilipiga ukunga kwenye nyumba ya watu. Kina mama walinishika. Nilikuwa nimelishika mkononi! Nikamtupia ng'ombe!

Bi Zuhura akasubiri ninyamaze. Kisha akaniambia yale mengine, na alinihurumia lakini hakunificha. Picha ilipofika uliruka uwanjani kwake kama mtoto. Ulisema, "Amelipokea! Ona anavyocheka!" Ukanunua shati. Ukaaga watu. Ukawaeleza kwamba kwenu anayepokea sale hutuma neno, njoo tule pamoja, na kwamba neno litafika wakati wowote. Ukangoja. Ukangoja msimu mzima wa mvua. Mwaka uliofuata ukatuma jingine, kwa bwana mmoja mrefu. Huyo hata simkumbuki uso, Mungu anisamehe. Picha ikaja vilevile. Dada yako, kilemba kingine, kicheko kilekile.

"Hapo hakuruka," akasema Bi Zuhura. "Aliitazama ile picha ya pili muda mrefu, akaniambia, Bi Zuhura, dada ananicheka. Kwetu mtu hachekei sale. Bora angelikataa."

Hukutuma la tatu. Baada ya wiki chache ukaondoka na boti ya watu wanaozamisha wageni na mitungi ya hewa chini kabisa baharini, kuelekea kisiwa kingine kusini. Ni miaka miwili sasa. Masale ya kwake anayamwagilia yeye, kwa ajili yako.

Kuna jambo moja nilikataa. Bi Zuhura alinishika mkono akasema, "Kwa nini hakushuka siku ile ya msiba, aliniambia. Nikwambie?" Kina mama wote wakasogea kunisikiliza. Nilitaka kujua, Eliya, nilitaka sana. Nikamwambia usiniambie. Nilikataa kulisikia kwenye mdomo wako, sina haki ya kulisikia kwenye mdomo wa mwingine. Kama kuna sababu, nitaisikia kwako. Kama hakuna sababu, kama uliamua tu kuendelea na safari, basi niambie hivyohivyo. Mafundo mawili yalishafika, na sale halikataliwi.

Tukarudi. Kwenye boti ya kurudi bara Mama Aikande hakuacha mkono wangu hata mara moja, na hakusema neno, yeye! Nilifika nyumbani nikaingia kwa ng'ombe, nikasimama pale nikiangalia chini kama mtu aliyepoteza pete. Miaka mitatu ya samadi. Ungeniona ungenicheka, na ungekuwa na haki.

Wiki ile ile wageni wakaja, sita. Nikatwanga kahawa, nikakaanga, wakanywa. Tukafika kwenye uzio. Miguu ikasimama yenyewe kwa mazoea, nao wakasimama, wakaniangalia. Dada mmoja akauliza huu ni mmea gani. Nikawaambia, "Huu ni mpaka wetu tu," nikawapitisha. Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukiwapitisha wewe siku zote, na mimi nikakuona unajidai.

Lakini wakati wa kuondoka nikamwita pembeni bwana na mkewe waliosema kesho wanakwenda visiwani kuogelea. Nilikuwa nimelifunga asubuhi. Mafundo mawili. Nimelifunga kwenye kipande cha kitenge cha mama, kile cha kijani. Nikawaeleza polepole, kwa daftari lako, neno kwa neno, nikarudia mara tatu mpaka nikahakikisha wameelewa. Nikawaambia mkimwona mtu wa mlimani anayewafundisha watu kuogelea, mtu mwenye kovu la panga kwenye kidole gumba, anaitwa Eliya, mpeni hili. Na msipige picha. Tangu hapo wote wanaoshuka visiwani nawapa. Wengine watasahau. Wengine watalitupa. Wengine wataliweka kwenye kitabu wakalipeleka kwao Ulaya. Najua. Wewe ulijaribu mara mbili; mimi nitajaribu mpaka uzio uishe.

Hilo si la kukusamehe wewe. Lako nilishalipokea, ingawa kama mpumbavu. Hilo ni la kuniombea mimi. Kwa kile kicheko. Kwa ule mkono nilioinua. Na kwa jambo ambalo hulijui.

Wazee wa ukoo walitaka tukungoje, Eliya. Walisema mtoto wa mwisho yuko mlimani, atashuka, siku mbili si nyingi, mama anaweza kusubiri. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema amechagua, tuzike. Nimekuacha miaka saba uamini kwamba ulichelewa. Hukuchelewa. Tulikuacha.

Tulipomzika nilipanda masale kuzunguka kaburi lake, pande tatu. Upande wa miguuni ni wako. Wazee walisema mtu mwingine apande kwa niaba yako, nikakataa, nilitaka kila anayepita aone pengo aulize ni nani hakuja. Jana nimepalilia pale. Udongo ni mlaini, mvua imenyesha. Sijapanda kitu, na sitamruhusu mtu apande. Leta mche mmoja kutoka kwa Bi Zuhura. Uwanja ukanyage na buti zako zenye matope, upite katikati, nami nitakuwa nimekaa pale barazani.

Na ile salamu yako ya Majengo, mbele ya fundi seremala, niliyoipita njiani. Naiitikia leo.

Marahaba, mdogo wangu. Marahaba.

Ni mimi dada yako,
Anaeli